Uzi: Tukisubiri AlmaLinux 10 na Rocky Linux 10, seva zenu ziko tayari?

Bahari_Root · 22 Mei 2025 · Kizingo

Wadau, salaam. Red Hat Enterprise Linux (RHEL) 10 imetoka rasmi juzi, tarehe 20 Mei. Sasa macho yote ni kwa AlmaLinux na Rocky, mifumo ya bure inayoifuata RHEL toleo kwa toleo, maana mahoteli mengi ya Nyali, ofisi za kliaringi kule bandarini, sacco na mashule yanayoendesha seva zao hayalipii leseni ya Red Hat. Yanategemea kazi ya jumuiya. Nafungua uzi huu tuweke mahali pamoja mambo ya kukagua kabla mtu hajapakua ISO (faili la kusakinishia).

La kwanza kabisa, na nalisema kwa msisitizo: mwenye CentOS 7, mfumo wa bure wa zamani wa ukoo huo huo, asiifanye 10 kuwa sababu ya kuendelea kukaa. CentOS 7 ilikatiwa sasisho 30 Juni 2024. Kila tundu la usalama lililogunduliwa tangu hapo liko wazi kwenye mashine hiyo, na mara nyingi ndiyo hiyo hiyo yenye hesabu za wateja. Hamia 9 sasa hivi. AlmaLinux 9 na Rocky 9 zitapata sasisho za usalama hadi 31 Mei 2032, kwa hiyo hupotezi chochote kwa kutoisubiri 10. Walio kwenye 8 wana mpaka 2029. Walio kwenye 9 wana muda tele.

---

mtwapa_net · 22 Mei

Ahsante ami. Swali la haraka: linatoka lini? Hii wiki? Na kama chanzo chote ni kimoja, kwa nini lisitoke siku ile ile?

---

KojiNaKahawa · 22 Mei · Mji wa Kale

Siku hatuipangi sisi, lakini tukitazama nyuma tunaona mambo yalivyokwenda. RHEL 6 ilitoka 10 Novemba 2010, CentOS 6 ikafuata 10 Julai 2011. Miezi minane! RHEL 7 ilitoka 10 Juni 2014 na CentOS 7 ikawa tayari 7 Julai mwaka huo huo. RHEL 8 ilikuwa 7 Mei 2019, CentOS 8 ikaja 24 Septemba. Kwenye 9, Red Hat walitoa 17 Mei 2022, AlmaLinux wakatoa 26 Mei, Rocky 14 Julai. Rocky walichelewa mwaka ule kwa sababu walikuwa wanajenga na mtambo wao mpya wa kutengenezea pakeji, Peridot.

Sasa, kwa nini isiwe siku moja. Msimbo kuwa wazi haina maana kwamba pakeji zinajijenga. Pakeji moja inahitaji nyingine iwepo kwanza, na hiyo nayo inahitaji ya tatu, na mara nyingine zinazungukana: A inaihitaji B, na B inaihitaji A. Lazima mtu akate huo mzunguko kwa mkono, ajenge A pungufu, ajenge B, kisha arudi aijenge A upya ikiwa kamili. Halafu kuna pakeji ambazo Red Hat wanazitumia kujengea lakini hawazitoi kwenye ISO. Hizo inabidi uzitafute. Baadaye unaondoa nembo na majina yao yote, kuanzia picha ya kuwakia hadi maandishi ya kisakinishi, kwa sababu ni alama za biashara.

Kisha kuna jambo ambalo watu hawalioni kabisa: Secure Boot, ulinzi unaoruhusu mashine kuwasha programu zenye saini tu. Kile kiprogramu kidogo kinachoitwa shim, kinachowaka kabla ya GRUB (kianzishi cha Linux), lazima kikaguliwe hadharani na kisha kitiwe saini na Microsoft. Hiyo foleni haijali haraka ya wajenzi wa Linux, wanaingoja kama kila mtu.

Na tangu Juni 2023 Red Hat waliacha kuweka msimbo wa RHEL mahali pa wazi pa zamani, wakabakisha CentOS Stream tu, toleo linalotangulia RHEL. Hapo njia zikagawanyika. AlmaLinux wakaamua kulinganisha ABI: programu iliyojengwa kwa RHEL iendeshe kwao bila tatizo, lakini si lazima ifanane hitilafu kwa hitilafu. Kwa hiyo wanajenga kutoka Stream, na wanaweza kuanza mapema. Rocky wamebaki na lengo la kufanana kabisa, wanapata msimbo kupitia picha za UBI (kontena za msingi za Red Hat) na mashine za wingu za kulipia kwa saa. Kwa maoni yangu ndiyo maana AlmaLinux watatangulia tena safari hii.

---

Zuhra_Sysadmin · 23 Mei · Tudor

Naomba tuongee prosesa, kwa sababu hapo ndipo wengi watakwama hapa mjini. Seva nyingi zinazouzwa kwetu ni za mtumba, na kuna mstari unaozigawa sawasawa.

RHEL 8 iliwaka kwenye prosesa yoyote ya biti 64. RHEL 9 ikadai kiwango cha amri za prosesa kinachoitwa x86-64-v2. RHEL 10 inadai x86-64-v3, maana yake prosesa iwe na amri za AVX2, FMA, BMI1, BMI2, MOVBE na nyinginezo. Kwa Intel hiyo ni Haswell (2013) kuendelea. Kwa seva:

Dell R620 na R720 zenye Xeon E5-2600 au E5-2600 v2: haziwezi.
Dell R630 na R730 zenye E5-2600 v3 au v4: zinaweza.
HP DL360p na DL380p Gen8: haziwezi. Gen9: zinaweza.

Msichanganye "v2" ya jina la Xeon na "v2" ya kiwango cha x86-64. Ni vitu viwili tofauti. Xeon E5-2650 v2 ina AVX lakini haina AVX2.

Kukagua kwenye mashine inayofanya kazi:

`lscpu | grep -ow avx2`

Ikiandika avx2, vizuri. Ikinyamaza, hapana. Kama tayari uko kwenye 9, hii inatoa jibu kamili:

`/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help | grep x86-64-v`

Tafuta mstari wa v3 wenye neno "supported". Na msitegemee mwaka wa mashine peke yake. Celeron na Pentium nyingi za kizazi cha Haswell na vilivyofuata Intel waliziuza AVX2 ikiwa imezimwa. Vikompyuta vidogo vinavyowekwa maduka ya Mwembe Tayari kama seva ya mauzo, vingi ni Celeron. Kagua kila kimoja.

---

mtwapa_net · 23 Mei

Dada Zuhra, R720 mbili zangu ni E5-2670 v2. Basi ndiyo mwisho wake?

---

Zuhra_Sysadmin · 23 Mei

Si mwisho. Una njia mbili. Kaa kwenye 9 hadi 2032, na hilo si jambo la aibu. Au ngoja AlmaLinux 10, kwa sababu wao wameamua kujenga toleo la pili kwa ajili ya v2, litakalokuwa na ISO yake. Lakini ujue gharama yake: programu za watu wengine, ghala za wauzaji wa hifadhidata, paneli za hosting, ajenti za bakapu, zinajengwa kwa v3 pekee. Ukiweka pakeji kama hiyo kwenye v2, ama haitakubali kusakinishwa, ama itakufa na "Illegal instruction". EPEL (ghala la pakeji za ziada) rasmi ya 10 nayo ni ya v3. AlmaLinux wanaijenga upya EPEL kwa v2 wenyewe, hivyo sehemu hiyo imefunikwa. Kwa seva ya faili au DNS ya ndani, v2 inatosha kabisa. Kwa seva yenye paneli ya kulipia, usijaribu.

---

ndovu_kvm · 23 Mei · Changamwe

Nyongeza kwa wenye mashine pepe. Prosesa ya seva halisi iliyo chini inaweza kuwa na AVX2 na bado mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) akaanguka. Proxmox, mfumo wa kuendeshea mashine pepe, kwa kawaida huipa mashine pepe mpya prosesa ya aina `x86-64-v2-AES`, na zile za zamani ni `kvm64`. Mgeni haoni AVX2 hata kama R740 iko chini yake. Kerneli itawaka vizuri, halafu utaona:

`Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v3`

na papo hapo kernel panic, "Attempted to kill init!". Watu huona panic wakadhani ISO imeharibika, wakapakua tena GB zote zile. ISO haina kosa. Fanya:

`qm set 105 --cpu x86-64-v3`

(105 ni namba ya mashine yako.) Kisha izime kabisa na uiwashe. Kufanya reboot kutoka ndani ya mgeni hakubadilishi aina ya prosesa.

Kuhusu kuchagua `host`: ni sawa kwa seva moja. Kwenye klasta yenye seva za vizazi tofauti, tumia x86-64-v3, la sivyo kuhamisha mashine ikiwa hai kutoka seva mpya kwenda ya zamani kutaifanya ianguke.

---

chuma_na_diski · 24 Mei · Shimanzi

Prosesa ikipita, kuna kadi ya RAID, ile inayoziunganisha diski za seva. Red Hat tangu 8 wamekuwa wakifuta vitambulisho vya vifaa vya zamani ndani ya draiva. Draiva ipo, jina lake ni lile lile, lakini haitambui kadi yako. Wahanga maarufu ni kadi za LSI SAS2008 na PERC H310. Kisakinishi kinafungua, unafika kwenye kuchagua diski, hakuna diski.

Njia ya kujua bila kugusa data: andika ISO kwenye flash, washa seva nayo, chagua Troubleshooting, kisha Rescue. Ikikuuliza iunganishe (mount) mfumo vipi, chagua 3 uende moja kwa moja kwenye shell. Andika `lsblk`. Diski zikionekana, umepita. Zisipoonekana, andika `lspci -nn | grep -i -e raid -e sas` na unakili zile namba za kwenye mabano ya mraba, mfano 1000:0072. Hizo ndizo za kutafutia.

AlmaLinux tangu 9.4 walirudisha vifaa vingi vya namna hiyo kwenye megaraid_sas, mpt3sas, hpsa, aacraid na wenzake. Kwa Rocky unahitaji diski ya draiva kutoka ELRepo: andika kwenye flash ya pili na uwashe kisakinishi kwa kuongeza `inst.dd`.

Na hapa Pwani niseme hili. Hewa ya chumvi na joto huzila seva taratibu, na seva iliyowaka miaka bila kuzimwa huonyesha ugonjwa wake siku ya kuizima. Kabla ya kazi yoyote soma afya ya kila diski:

`smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda`

halafu badilisha 0 kuwa 1, 2, 3, hadi diski zako ziishe. Angalia Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector kwa SATA. Kwa SAS angalia "Elements in grown defect list". Namba ikiwa inapanda wiki hadi wiki, badilisha diski kwanza, RAID ijijenge upya hadi mwisho, ndipo ufikirie mfumo mpya. Betri ya kadi ya RAID nayo. Ikiwa imekufa, kadi huzima akiba ya kuandikia na hifadhidata inakuwa nzito ghafla, kisha lawama zote zinaangukia Linux mpya.

---

Bahari_Root · 24 Mei

Shukran sana. Mimi niongeze mtandao, kwa sababu hili ndilo linaloweza kukuacha nje ya seva iliyo mbali.

Kwenye 10 yale mafaili ya `/etc/sysconfig/network-scripts/ifcfg-*` hayasomwi tena. Yameondolewa kabisa. NetworkManager anasoma `/etc/NetworkManager/system-connections/` tu. Kama una 9 iliyorithi mafaili ya zamani, yageuze leo hii ukiwa bado kwenye 9:

`nmcli connection migrate`

Kisha `nmcli -f NAME,FILENAME connection` uhakikishe hakuna njia yenye neno ifcfg. Ukiandika faili kwa mkono, liwe la root na ruhusa 600, vinginevyo NetworkManager analipuuza.

Vingine vilivyoondoka: teamd (tumia bond), dhclient, na seva ya DHCP ya ISC. Badala yake ni Kea, na usanidi wake ni JSON, kwa hiyo `dhcpd.conf` yako haihamishiki kama ilivyo. Hoteli yenye mamia ya vyumba na WiFi inayogawa anwani kwa dhcpd, hiyo ni kazi ya kuandaa wiki nzima kabla, ujaribu na ofisi moja kwanza. Wenye kusakinisha kwa mbali wakumbuke `inst.vnc` haipo tena, imekuja `inst.rdp` pamoja na `inst.rdp.username=` na `inst.rdp.password=`.

---

mtwapa_net · 25 Mei

Na hifadhidata? Nina PostgreSQL 13 na MySQL 8.0 za kawaida za 9.

---

KojiNaKahawa · 25 Mei

PostgreSQL kwenye 10 ni 16. Data ya 13 haifunguki na 16, lazima `pg_dumpall` au pg_upgrade. Mimi napendelea dump (kutoa data yote kwenye faili na kuiingiza upya) kwa sababu moja kubwa: glibc, maktaba ya msingi ya Linux. 9 ina 2.34, 10 ina 2.39, na mpangilio wa maandishi unaweza kubadilika kati ya matoleo. Ukihamisha mafaili ya data kama yalivyo, index za maandishi zinaweza kuwa zimepangwa kwa utaratibu wa zamani, hoja zikakosa mistari ambayo ipo, na ile sheria ya kutorudia jina ikavunjika kimyakimya. Hakuna ujumbe wa kosa. Dump hujenga index upya, tatizo halizaliwi. Ukitumia pg_upgrade, fuatisha na `REINDEX DATABASE` kwa kila hifadhidata.

MySQL inakwenda 8.4, na humo `mysql_native_password`, njia ya zamani ya kuthibitisha nenosiri, imezimwa kwa chaguo la mwanzo. Programu za PHP za zamani zitakataliwa kuingia. Kagua kabla:

`SELECT user, host, plugin FROM mysql.user;`

Kila mwenye mysql_native_password mhamishie `caching_sha2_password` kwa ALTER USER ukiwa bado kwenye 8.0, uone nini kinavunjika huku bado una pa kurudi.

PHP ya 10 ni 8.3. Redis imeondoka, Valkey imechukua nafasi. Na ile `dnf module enable` haina kazi tena, kwa hiyo hati zenu za kusakinisha zenye mistari hiyo zitashindwa.

---

Bahari_Root · 27 Mei

IMETOKA! AlmaLinux 10.0 imetangazwa leo. Siku saba baada ya Red Hat. Heko kwao, na heko kwa kila aliyejaribu beta na kuripoti.

Taratibu lakini. Pakua faili la CHECKSUM pamoja na ISO, ingiza ufunguo wao wa 10, kisha:

`gpg --verify CHECKSUM`
`sha256sum -c CHECKSUM --ignore-missing`

Ya kwanza inahakikisha orodha ni yao, ya pili inahakikisha ISO yako inalingana na orodha. Moja bila nyingine haitoshi. Wenye R720 chukueni folda ya `x86_64_v2`, si `x86_64`.

Kwenye kisakinishi akaunti ya root imefungwa kwa chaguo la mwanzo. Tengeneza mtumiaji mwenye wheel, na uweke ufunguo wake wa SSH kabla hujaondoka mbele ya mashine.

---

ndovu_kvm · 28 Mei

Kwa wenye seva nyingi na intaneti ya kugawana: msiache kila seva ipakue peke yake. Chagua moja iwe ghala la ndani. Iwe nayo ni AlmaLinux 10, na diski ya GB 200 kwa kuanzia:

`dnf reposync --repoid=baseos --repoid=appstream --repoid=crb --download-metadata --delete -p /srv/repo`

Weka nginx juu ya `/srv/repo`, na kwenye wateja badilisha `mirrorlist` iwe `baseurl` ya IP ya ndani. `gpgcheck=1` ibaki, usiizime hata kama ni mtandao wa nyumbani kwako.

Tahadhari moja. Wengine huongeza `--newest-only` kuokoa nafasi. Ukiichanganya na `--download-metadata`, orodha inayopakuliwa inataja pakeji za zamani ambazo hukuzichukua, na mteja akiomba moja anapata 404. Ama uache `--newest-only`, ama uache `--download-metadata` na ujenge orodha mwenyewe kwa `createrepo_c`. Iwekee timer saa nane za usiku.

---

mtwapa_net · 29 Mei

v2 imewaka kwenye R720, diski zote zinaonekana kwenye rescue. Ila ghala moja la mtu wa tatu linatoa 404, na anwani ni sahihi.

---

Zuhra_Sysadmin · 29 Mei

Angalia faili la .repo. Kama lina `$basearch`, kwako linageuka kuwa `x86_64_v2`, na mwenye ghala hana folda hiyo. Usiandike x86_64 kwa mkono kulilazimisha. Hiyo 404 inakuokoa na "Illegal instruction". Omba toleo la v2 au jenga kutoka SRPM (pakeji ya msimbo) kwa `rpmbuild --rebuild`.

---

chuma_na_diski · 12 Juni

Rocky Linux 10.0 nayo imetoka jana, 11 Juni. Ni v3 tu kwa x86, hakuna v2, kwa hiyo wa Gen8 na R720 msiipakue. Wanasema wazi pia kwamba kupandisha kutoka 9 kwenda 10 juu kwa juu hawakuungi mkono. Sakinisha upya kwenye diski nyingine au mashine pepe, hamisha data, badilisha DNS, na ile 9 iache imezimwa lakini nzima hadi mwisho wa mwezi upite na hesabu zifungwe.

---

mtwapa_net · 12 Juni

TTL ya DNS (sekunde ambazo jibu hukaa kwenye akiba) niishushe lini?

---

chuma_na_diski · 12 Juni

Kabla, kwa muda usiopungua TTL ya sasa. Kama ni 86400, ishushe hadi 300 siku moja kamili kabla ya kuhama. Ukiishusha saa ile ile ya kuhama, wenye jibu la zamani wataendelea nalo hadi saa 24. Na ufanye usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, UPS ikiwa imejaribiwa kwa mzigo halisi, na dump ikikimbia ndani ya tmux, isiyokufa muunganisho wako ukikatika. Stima au mtandao ukikatika upande wako, kazi iendelee upande wa seva.